504 ya Mzee Irudi Barabarani

Katika maboma mengi ya Kenya, kuanzia Kisii hadi Taita, hukosi kuona pikapu ya Peugeot 504 iliyoegeshwa kando ya zizi, matairi yamelala, kuku wametagia kitini. Mwenyewe ameshafariki. Watoto hawataki kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana ndiyo iliyobeba kahawa, saruji, wagonjwa na maharusi wa ukoo mzima. Wanataka itembee: iende mjini Jumatatu, ibebe mbolea Jumamosi. Wakiuliza waanzie wapi, wanapewa mashauri mawili yasiyopatana. Kuna wanaosema gari lisibadilishwe chochote, lirudishwe lilivyotoka kiwandani hadi skrubu ya mwisho. Na kuna fundi ambaye hata boneti hajafungua ameshatoa hukumu: "Ng'oa hiyo injini, tufunge ya Toyota."

Wale wa kwanza wanawaza maonyesho. Jijini Nairobi mashindano ya Concours d'Elegance yamekuwapo tangu 1970, na humo gari hupimwa kwa usafi na ubora wa hali yake. Ni shughuli ya heshima, ila gari linalofutwa vumbi kwa kitambaa laini si gari la kubebea mbolea. Fundi naye anawaza kile anachokijua na kinachopatikana dukani kwa haraka. Wote wana hoja, na wote wana pupa.

Kwanza gari lenyewe. Peugeot walizindua 504 mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Pikapu ilifuata mwaka 1979, ikirithi kazi ya 404. Afrika Mashariki haikuhitaji kutambulishwa kwa ukoo huo: 404 ilikuwa imeshinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Ove Andersson akaipa 504 ushindi mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka 1978, ingawa lile lake lilikuwa coupé la V6, si ndugu wa karibu sana wa pikapu ya kubeba mahindi. Nchini Kenya magari haya yaliunganishwa Mombasa, na kazi hiyo ikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Ufaransa ilikuwa imeshaacha kuunda pikapu hiyo tangu 1993. Ndiyo maana vipuri havijatoweka. Barabara ya Kirinyaga na mitaa ya Grogan jijini Nairobi bado ina wauzaji wanaomtambua mteja wa 504 kabla hajataja anachotaka. Tena 505, iliyotoka mwaka 1979, ilitumia injini ya petroli ya ukoo uleule, kwa hiyo mengi ya injini huazimana.

Gari lililolala miaka mingi halipigwi stata siku ya kwanza. Plagi hutolewa, mafuta kidogo ya injini hutiwa kwenye kila silinda, kisha injini huzungushwa kwa mkono mpaka ijulikane kwamba pistoni hazijashikana na kutu. Petroli iliyobaki tangini humwagwa, na tangi huoshwa, kwa sababu petroli ya zamani huacha utomvu unaoziba kabureta. Mipira yote ya mafuta hubadilishwa bila mjadala. Baada ya hapo ndipo mtu aanze kuota ndoto za kisasa, na ndoto hizo zina mpangilio wake: gari lisimame kabla halijakimbia, lipoe kabla halijaongezwa nguvu.

Pikapu ya 504 iliundwa kubeba zaidi ya tani moja. Breki zake ni diski mbele na ngoma nyuma, mpango ambao mpaka leo unaonekana kwenye pikapu nyingi mpya, kwa hiyo ubovu hauko kwenye usanifu. Uko kwenye mpira. Mpira wa breki ukizeeka huweza kuonekana mzima kwa nje ilhali ndani umevimba, na tundu limebaki kama la sindano. Dereva akikanyaga, mguu una nguvu ya kusukuma mafuta yapite. Akiachia, mafuta hayana nguvu ya kurudi. Breki inabaki imeshika, rimu inachemka, gari linavuta upande mmoja, na fundi mwenye haraka anabadilisha kaliperi nzima ambayo haikuwa na kosa. Mipira yote ibadilishwe kwa pamoja, pamoja na raba za silinda kuu na za magurudumu, na paipu za chuma zikaguliwe kila zinapopita karibu na chesisi, kwani hapo ndipo tope hukaa na kutu huanza.

Mafuta yenyewe ya breki ni jambo linalodharauliwa mno. Hunyonya unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limesimama tu bomani. Maji hayo hayamsumbui mtu kwenye tambarare. Lakini kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kushukia Mai Mahiu au wa Kitonga mkoani Iringa, breki hupata joto kali, maji yaliyomo huchemka yakawa mvuke, na mvuke unabonyea. Kanyagio linazama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Mafuta mapya kila baada ya miaka 2 ni gharama ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kinachotajwa katika makala hii.

Upoaji ndio eneo ambalo 504 ilitendewa vibaya zaidi na wale walioipenda. Gari lilikuja na mtambo wa feni uliokuwa wa werevu kwa zama zake. Feni haikufungwa moja kwa moja na injini. Ilielea kwenye puli ya pampu ya maji. Swichi iliyoko kwenye rejeta ikihisi joto, umeme ulipita kwenye kaboni dogo, sumaku ikavuta, na feni ikaanza kuzunguka pamoja na puli. Gari likishika upepo wa barabarani na kupoa, feni iliachiwa. Kaboni hilo huisha, kama la stata linavyoisha. Badala ya kutafuta lingine, mafundi wengi walipiga bolti feni ikafungwa isiachie tena. Injini ikawa inaburuta feni saa zote, kwa kelele na kwa petroli ya mwenye gari.

Dhambi ya pili ni kung'oa themostati. Hoja inayotolewa ni kwamba nchi zetu zina joto. Lakini injini isiyofikia joto lake la kazi huchoma petroli nyingi, hujaza masizi na huchafua mafuta ya kulainishia. Kisha hufuata dhambi ya tatu, maji ya mtoni. Injini ya petroli ya lita 2 ya 504, yenye sisi 1,971, ina bloku ya chuma na silinda hedi ya alumini. Metali mbili ndani ya maji matupu huleta kutu na ulaji wa alumini, na hedi ikichemka mara moja tu inaweza kupinda. Kwa hiyo kazi ya kisasa hapa haina mbwembwe: rejeta isafishwe au isukwe upya, themostati irudishwe, kulanti itiwe, na feni ipewe kaboni jipya au nafasi yake ichukuliwe na feni ya umeme yenye rilei yake. Mwandishi wa makala hii angechagua feni ya umeme kwa gari la foleni za mjini, na kaboni jipya kwa gari la shambani, ambako fundi wa umeme yuko mbali.

Hapo ndipo lile shauri la kufunga injini ya Toyota linapostahili kupimwa. Injini ya 504 ina laina zinazochomolewa. Maana yake, silinda zikichakaa hakuna haja ya kupeleka bloku ikachongwe. Hununuliwa seti ya laina na pistoni, zikapachikwa, na injini ikaanza maisha mapya. Shafti ya kuendeshea vali inazungushwa na cheni, wala hakuna mkanda wa kukatika njiani. Kuiondoa injini ya namna hiyo kwa sababu tu imechoka ni ubadhirifu. Isitoshe, bei ya injini ya mtumba huwa ni mwanzo tu wa hesabu. Kuna kuchomelea vishikizo vipya, kuunganisha giaboksi, kukata shafti, kupindisha ekzosi na kutafuta pa kupitisha waya, na mwishowe gari lina nguvu nyingi zaidi huku breki ni zilezile. Bloku ikiwa imepasuka, sawa, mjadala ni mwingine.

Upande wa moto wa plagi, mabadiliko ni mepesi na faida yake huonekana asubuhi ya kwanza. Platini za distribyuta hufunguka kwa nafasi ya takriban milimita 0.4, na nafasi hiyo hubadilika kadiri zinavyolika, ndiyo sababu gari hili lilikuwa halikosi kurekebishwa. Kuna kifaa kidogo cha kielektroniki chenye sumaku kinachokaa ndani ya distribyuta ileile, kwa nje hakionekani. Wenye busara huziweka platini za zamani kwenye kisanduku cha vifaa chini ya kiti, pamoja na bisibisi.

Taa nazo. Katika magari ya umri huu, umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani na kurudi, safari ndefu kwenye waya mwembamba uliochoka, na mwanga unaofika mbele ni hafifu. Rilei mbili karibu na betri, waya mnene na fyuzi zake, na balbu zilezile za zamani hung'aa upya. Kuchomeka balbu za LED za bei rahisi kwenye kioo kilichochongwa kwa balbu ya kawaida ni jambo lingine: mwanga hutawanyika, na wanaoumia ni madereva wanaokuja mbele.

Matairi yakionekana yana meno bado, watu huyaacha. Yasomwe ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 1409 ni wiki ya 14 ya mwaka 2009, na tairi la namna hiyo lifae bembea ya watoto. Mikanda ya usalama ifungwe kwenye chuma kizima, si kwenye bati lililojazwa puti. Kiyoyozi, redio ya simu na viti vya ngozi vitasubiri foleni yao.

Wapo wanaoruka hatua hizi zote na kwenda moja kwa moja kwenye umeme. Mwaka 2021 Ford walionyesha F-100 ya 1978 iliyofungwa mota mbili za Mustang Mach-E, yenye nguvu za farasi 480, huku bodi ikibaki na sura yake. Karibu zaidi na nyumbani, kampuni ya Opibus ya Nairobi, ambayo sasa inaitwa Roam, iligeuza magari ya watalii ya mbugani yatumie betri. Kwa gari la mbugani hesabu inaeleweka: linatembea polepole, linarudi kambini kila jioni, na ukimya wake unauzika. Kwa pikapu ya kijijini betri hula sehemu ya uzito ambao ungekuwa magunia, na gharama yake inaweza kununua pikapu nyingine.

Kuna jambo ambalo lingetangulia yote haya, ila watu hulikumbuka mwishoni. Kabla mirathi haijafungwa, gari si la yule anayelitengeneza. Ni mali ya marehemu, na ndugu wote wana haki ndani yake. Mtoto mmoja aliyezamisha akiba yake kwenye rangi na rejeta anaweza kujikuta akigawana thamani hiyo na kaka ambaye hakuchangia hata plagi. Kenya, jina kwenye logibuku hubadilishwa kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa idhini ya mahakama ya mirathi. Tanzania, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye anayefika mamlaka ya mapato, TRA, na kadi ya gari. Namba ya injini huandikwa kwenye nyaraka hizo, na rangi pia, kwa hiyo atakayekubali ule ushauri wa Toyota, au kugeuza pikapu nyeupe ya mzee kuwa ya bluu, ana safari nyingine ya ofisini kabla askari wa barabarani hajalinganisha karatasi na gari. Kampuni za bima nazo huwa nzito kutoa bima kubwa kwa gari la umri huu. Hukubali kwa urahisi zaidi zikiletewa ripoti ya mthamini, picha, na risiti za kila kilichobadilishwa, kuanzia mpira wa kwanza wa breki.