KWA NINI TUJIFUNZE KIOROMO?

Wahenga walinena kuwa kutojua ni kama usiku wa giza. Mie giza hilo nililiona mchana peupe.

Mimi ni Mmeru, nimezaliwa na kulelewa mjini Isiolo. Siku moja nilimpeleka mdogo wangu zahanati. Mbele yetu kwenye foleni alikuwako ajuza mmoja Mborana, amejikunyata. Kila alipoulizwa anaumwa wapi, alijibu, "Garaa, garaa." Karani akadhani anataka gari! "Nyanya, leo gari halipo," akamwambia. Watu wakacheka, nami nikacheka. Kumbe "garaa" ni tumbo! Msichana mmoja wa kidato cha kwanza alipomwamkia, "Nagaa, Akkoo," ndipo ajuza akaeleza kwamba ametapika usiku kucha. Nilishikwa na haya. Tangu utotoni nanywa maziwa yanayouzwa na akina mama wa Kiborana, na sikujua neno lao hata moja.

Basi, kwa nini tujifunze Kioromo?

Kwanza, ni lugha ya Kenya pia. Wengi hudhani ni ya Ethiopia tu. Ni kweli huko wasemaji ni makumi ya mamilioni, lakini Waborana, Wagabra na Waorma wa Mto Tana ni Wakenya wenzetu, na wanayoyasema ni Kioromo.

Pili, inafungua milango mingine. Ni lugha ya Kikushi, jamaa ya Kisomali. Mworomo akihesabu husema "afur" kwa nne na "shan" kwa tano. Msomali naye husema "afar" na "shan". Umeona?

Tatu, kuisoma si kazi ngumu. Tangu 1991 nchini Ethiopia huandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, ziitwazo Qubee. Ila chunga irabu! "Lafa" ni ardhi, lakini ukizivuta, "laafaa" ni laini. Tena mtu mwenye "garaa laafaa", yaani tumbo laini, ni mwenye huruma. Sisi huruma tunaiweka moyoni, wao tumboni.

Nne, lugha hii imebeba hekima. Katika mfumo wa Gadaa, uongozi hukabidhiwa rika jingine kila baada ya miaka 8, bila kung'ang'ania kiti. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2016.

Wenzangu wa chama, kukipenda Kiswahili si kuzidharau lugha za majirani. Yule msichana sasa ndiye mwalimu wangu, ingawa mimi ni mkubwa wake. Najua kusalimia, kuhesabu na kuomba "aannan", yaani maziwa. Bado nachapia, naye hunicheka. Ni haki yake. Lakini siku nyingine ajuza akisema "garaa", mimi sitacheka.

Nagaa!