Mpako wa Wagonjwa si mafuta ya kaburi



Katika familia nyingi za Tarime na Serengeti, mgonjwa akizidiwa ndugu huulizana kwa sauti ya chini: "Tumwite padre?" Mara nyingi jibu ni, "Ngoja kwanza, mzee asije akashtuka." Matokeo yake padre hufika mgonjwa akiwa hawezi tena kuungama wala kumeza Komunyo.

Hofu hiyo imelelewa na jina. Wazee wetu walifundishwa kuiita sakramenti hii Mpako wa Mwisho, nao wakaelewa kuwa ni mwisho wa uhai. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba jina linalofaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa. Mwaka 1972 Papa Paulo VI akaidhinisha utaratibu mpya wa kuitoa. Jina lilibadilika vitabuni, lakini hofu ilibaki nyumbani.

Tulitazame neno lenyewe. "Mpako" latokana na kupaka, neno la kila siku: mama humwogesha mtoto, kisha humpaka mafuta. Katika Kiebrania, kitenzi cha kupaka ndicho kilichozaa jina Masiya; katika Kigiriki kikazaa Kristo. Yote mawili maana yake ni Mpakwa Mafuta. Krisma tuliyopakwa katika Kipaimara inatoka katika shina hilohilo la Kigiriki. Basi Mkristo anawezaje kuyaogopa mafuta, naye anaitwa kwa jina la Mpakwa Mafuta?

Mitume waliwapaka wagonjwa mafuta, wakapona (Mk 6:13). Mtume Yakobo anaagiza kwamba mgonjwa awaite wazee wa Kanisa (Yak 5:14). Angalia: anayeita ni mgonjwa mwenyewe. Maana yake bado ana akili zake na sauti yake.

Anayekaribia kufa Kanisa limemwekea Komunyo Takatifu, iitwayo kwa Kilatini viaticum, yaani masurufu ya safari. Mpako ni wa aliye katika ugonjwa mzito, anayesubiri upasuaji kwa sababu ya ugonjwa huo, au mzee aliyeishiwa nguvu. Hali ikizidi kuwa mbaya, au akipona kisha akaugua tena sana, hupakwa tena. Wala mafuta hayachukui nafasi ya daktari. Mpelekeni hospitali, na padre mwiteni.

Wiki hii, kama nyumbani kuna mgonjwa, muulize yeye mwenyewe: "Baba, tukuitie padre?" Huenda amekuwa akilingoja swali hilo.