Ingoma: Neno, Mapigo na Mamlaka katika Ngoma za Burundi

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili anapotamka neno "ngoma", msikilizaji hulazimika kutazama muktadha. Neno hilo laweza kuwa chombo chenyewe, uchezaji, au shughuli nzima inayowakusanya watu. Katika Kirundi na Kinyarwanda, lugha zinazosikika kila siku katika masoko ya Goma, neno "ingoma" lina maana nyingine ambayo Kiswahili sanifu hakina: ni ngoma, na papo hapo ni ufalme au enzi ya mtawala. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kundi la wapiga ngoma wa Burundi linavyopangwa na jinsi polisemia hiyo inavyosaidia kulifahamu.

Mpangilio wa kundi

Ngoma ya Burundi huchongwa kutoka katika kipande kimoja cha gogo. Mti unaopendelewa huitwa "umuvugangoma", yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Mdomo wa ngoma huwambwa ngozi ya ng'ombe, ikakazwa kwa vigingi vya mti, na kila mpigaji hutumia fimbo mbili. Wapigaji huingia uwanjani wamejitwika ngoma vichwani huku wakizipiga, kisha huzipanga katika nusu duara. Idadi ya ngoma huwa witiri.

Mtazamaji mgeni hudhani kwamba wote wanapiga mamoja. Sivyo. Kazi zimegawanywa katika mafungu matatu. Ngoma ya kati, "inkiranya", ndiyo inayoongoza. Zile ziitwazo "amashakwe" hushikilia pigo moja lisilobadilika, nazo ndizo ardhi ambayo wengine huikanyaga. Za tatu, "ibishikizo", huifuata inkiranya na kuyarudia mapigo yake. Wapigaji hupokezana kwenye ngoma ya kati: mmoja hutoka mstarini, hucheza, huruka juu, kisha hutoa ishara ya kubadili mapigo, na kundi zima hugeuka naye.

Utunzi wa namna hii hauhitaji karatasi. Umehifadhiwa katika kumbukumbu ya mikono, na mwenye kushika zamu ana nafasi ya kuongeza lake alimradi amashakwe hayajakatika. Uhuru wa mmoja unategemea uthabiti wa wengi. Mpigaji wa ishakwe akiteleza, hata kiongozi hodari hana pa kusimama.

Ngoma na utawala

Zamani ngoma hizi hazikuwa burudani. Zilikuwa chini ya ulinzi wa koo maalumu za wapigaji, "abatimbo", na vituo vyake, kama kilima cha Gishora karibu na Gitega, vilikuwa mahali patakatifu. Zilisikika katika mambo makuu ya ufalme, hasa sikukuu ya "umuganuro", mtama ulipoanza kupandwa. Ngoma kuu, Karyenda, ilikuwa alama ya mwami mwenyewe, na ilichorwa katika bendera ya nchi tangu uhuru wa mwaka 1962 mpaka ufalme ulipofutwa mwezi Novemba 1966.

Ufalme ulikufa, ngoma hazikufa. Mwaka 1975 mwanamuziki wa Kanada, Joni Mitchell, aliitumia rekodi ya wapigaji wa Burundi katika wimbo wake "The Jungle Line", na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wahenga wa Kiswahili walisema ngoma ivumayo haidumu. Hapa ngoma imevuma, ikadumu kuliko kiti ilichokitumikia.

Swali la nani apige

Sehemu za ngoma hiyo zina majina yaliyotolewa katika mwili na maisha ya mama: "inda" ni tumbo, "amabere" ni matiti ya mama, "umukondo" ni kitovu, "icahi" ni ngozi ya kumbebea mtoto, na "urugori" ni taji la mwanamke aliyezaa. Hata hivyo, desturi ilimzuia mwanamke asiipige. Mwezi Oktoba 2017 desturi hiyo iligeuzwa kuwa sheria: amri ya Rais wa Burundi iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizo, ikaagiza vikundi viandikishwe, na ikaweka malipo ya faranga 500,000 kwa maonyesho yasiyo ya sherehe rasmi. Chombo kinachoitwa kwa viungo vya mama kikawa kimefungiwa mama kwa maandishi.

Nchini Rwanda mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2004, mjini Butare, msanii Odile Gakire Katese aliunda kundi la wanawake wapiga ngoma, akaliita "Ingoma Nshya". Mfasiri wa Kiswahili ataandika "Ngoma Mpya", wala hatakuwa amekosea. Lakini nusu ya jina itakuwa imemponyoka, kwa kuwa msikilizaji wa Kinyarwanda anasikia vilevile "Enzi Mpya".

Hitimisho

Yaonekana, basi, kwamba katika eneo la Maziwa Makuu swali la nani ashike fimbo halikuwa kamwe swali la muziki peke yake. Lugha ilikwisha kulijibu mapema, ilipoiita ngoma na enzi kwa jina moja. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Goma, akizungukwa na lugha hizi ndugu, ana fursa ya kuisikia ile maana ya pili.