Kujitoa uhai si laana ya ukoo, wasema watafiti

MTU anapojitoa uhai katika ukoo uliowahi kuzika mwingine kwa njia hiyo, majirani hawakosi la kunong'ona. Wapo wanaotaja laana, wapo wanaodai kuna tambiko lililosahauliwa. Sayansi ina maelezo mengine, tena yenye matumaini zaidi.

Kwamba msiba huu huandama baadhi ya familia ni kweli. Mwaka wa 1979 nchini Denmark, Fini Schulsinger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu 57 waliojiua, ambao wote walikuwa wameasiliwa na kulelewa na wazazi wasio wa damu. Kati ya jamaa zao wa damu 269, waliojiua walikuwa 12. Katika kundi la kulinganisha, lenye idadi iyo hiyo ya jamaa, walikuwa 2 pekee. Kwa kuwa watu hao hawakulelewa na jamaa zao wa damu, haiwezi kusemwa kwamba waliiga tu waliyoyaona nyumbani. Kuna kinachorithiwa.

Nchini Marekani, Myrna Weissman wa Chuo Kikuu cha Columbia alianza mwaka wa 1982 kufuatilia familia zenye sonona, yaani maradhi ya huzuni isiyokwisha. Zaidi ya miaka 30 baadaye, ilibainika kuwa watoto wa wazazi wagonjwa walikuwa katika hatari ya kuugua takribani mara 3 kuliko wenzao.

Hata hivyo, kinachorithiwa ni wepesi wa kuugua, si ugonjwa wenyewe, sembuse kifo. Hakuna jeni moja ya sonona. Zipo nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Malezi, dhuluma, ulevi na dhiki za maisha huongeza uzito wake.

Isitoshe, mnyororo huu hukatika. Mwaka wa 2006, Weissman na wenzake walionyesha kwamba mama anapotibiwa sonona akapona, afya ya akili ya wanawe nayo huimarika, bila wao kupewa dawa.

Humu nchini, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Familia nyingi zilikuwa na sababu ya kunyamaza. Sasa anayemwona daktari na amweleze bila woga historia ya ukoo wake, kama anavyoeleza ya kisukari. Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humfichua.