Pua ya kielektroniki bado inafundishwa na pua ya mtu

Gari jipya lina harufu yake, na wapo wanaoipenda. Ni mvuke wa kemikali unaotoka kwenye plastiki ya dashibodi, sponji ya viti, gundi na zulia, na katika sekta ya magari wapo watu ambao kazi yao ni kuunusa. Kanuni ya Ujerumani iitwayo VDA 270 inaelekeza kipande cha malighafi kitiwe kwenye chupa iliyofungwa na kupashwa joto, mathalani nyuzi 80 kwa saa mbili. Kisha wanusaji wasiopungua watatu hutoa alama: 1 ni harufu isiyosikika, 6 ni isiyovumilika.

Lakini mnusaji akishikwa na mafua, kazi imelala. Hata mzima, akishanusa chupa kadhaa pua huchoka. Hapo ndipo inapotafutwa pua ya kielektroniki, wazo lililotangazwa mwaka 1982 na Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza.

Vihisi vyake vingi hutengenezwa kwa oksidi ya bati inayopashwa moto hadi nyuzi mia kadhaa. Oksijeni ya hewani hung'ang'ania juu yake na kukamata elektroni, umeme ukawa unapita kwa taabu. Ukija mvuke, wa pombe tuseme, huungana na oksijeni ile; elektroni huachiwa, umeme ukapita kwa wepesi. Tofauti hiyo ndiyo inayopimwa. Ila kihisi kinachoamshwa na pombe huamshwa pia na gesi ya kupikia, kwa hiyo hupangwa vingi vya tabia mbalimbali, na kompyuta ikasoma mwitikio wa vyote kwa pamoja. Pua zetu nazo hufanya kazi hiyo kwa aina zipatazo 400 za vipokezi.

Pamoja na hayo, mashine haijui uvundo ni nini. Lazima kwanza ipewe sampuli ambazo watu wameshazinusa na kuzipa alama. Unyevu wa hewa huivuruga, na vihisi vikizeeka bila kurekebishwa hutoa majibu ya ovyo. Kwa maoni yangu, inafaa kuwa bawabu wa kiwanda, wa kugundua kuwa shehena ya leo haifanani na ya jana. Uhakimu bado.

Tena harufu si kipimo cha sumu. Monoksidi ya kaboni haina harufu na inaua. Fomaldehaidi, ambayo hutoka kwenye gundi za mbao za kiwandani, tangu 2004 imo katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kiasi chake hupimwa maabara, hakikisiwi kwa kunusa. Mwenye gari jipya basi, afungue madirisha kabla ya safari, hasa likiwa limeshinda juani, kwani joto huongeza mvuke huo.