Sindano ikimchoma muuguzi, nyumbani nao waambiwe

Saa kumi alfajiri, wodi ya wazazi. Muuguzi yuko peke yake, mama mmoja ametoka kudungwa sindano, mwingine anaita. Kwa haraka anairudishia kifuniko sindano iliyotumika, inateleza na kumchoma kidole. Tone moja tu la damu. Ananawa, anavaa glavu nyingine, kazi inaendelea. Asubuhi anarudi nyumbani, anawaandaa watoto kwenda shule na hamwambii mtu.

Wahudumu wengi wa hospitali wataitambua hali hiyo. Mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa kati ya wahudumu wa afya milioni 35 duniani, milioni 3 hivi hukumbana kila mwaka na vimelea vya magonjwa yanayoenezwa kwa damu kwa kuchomwa na vitu vyenye ncha kali.

Kuchomwa si lazima kuambukizwa. Iwapo mgonjwa ana VVU, uwezekano ni takriban 3 kati ya 1,000. Homa ya ini aina ya B ndiyo kali zaidi: kwa asiyechanjwa, uwezekano unaweza kufika 30 kati ya 100, na kirusi chake huweza kukaa nje ya mwili kwa siku 7. Ajabu ni kwamba ugonjwa huo una chanjo, dozi 3 ndani ya miezi 6, lakini wapo wanaoingia wodini kila siku bila kuimaliza.

Anayechomwa anatakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua wala kulimwagia dawa ya madoa. Kisha amweleze msimamizi wa zamu, apimwe, na ikibidi aanze dawa za kinga, maarufu kama PEP. Zinafaa zaidi zikianzwa ndani ya saa chache, na mwisho ni saa 72. Hunywewa kwa siku 28.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mmoja anaogopa kuambiwa mzembe, mwingine anaogopa majibu. Wengine hofu yao iko nyumbani, kwa kuwa dawa hizo ni za aina ile ile wanayotumia wanaoishi na VVU. Mume akiikuta chupa kwenye mkoba bila maelezo, atafikiria nini? Lakini wenza wanashauriwa kutumia kondomu mpaka vipimo vya marudio vikamilike, hivyo siri hiyo haiwezi kukaa wodini peke yake. Na dawa ya kunywa kwa kujificha ni rahisi kuiruka.

Anayesahaulika zaidi ni mfanya usafi. Yeye hakuishika sindano, bali aliinua mfuko wa taka ambamo mtu aliitupa, wakati kisanduku chake maalumu kilikuwa hatua chache tu, pengine kimejaa kupita robo tatu na hakuna aliyekibadilisha. Mara nyingi hajui hata kama PEP inamhusu. Inamhusu, sawa na daktari.

Tanzania Bara, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unahudumia wanaoumia au kuugua kutokana na kazi, serikalini na sekta binafsi. Ila ajali isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha. Kipimo cha siku ile ile ndicho kinachoonyesha mfanyakazi alikuwaje kabla sindano haijamchoma. Kikifanywa miezi mitatu baadaye, hakiwezi tena kuonyesha hilo.