Nyumbu wa Nairobi Wamekwenda Wapi?

Watalii hutoka Ulaya na Marekani wakatumia pesa nyingi ili wamwone simba. Je, wewe unayeishi Buruburu au Kawangware umemwona wapi? Kwenye televisheni! Ilhali Mbuga ya Taifa ya Nairobi iko umbali wa kilomita 7 hivi kutoka katikati ya jiji.

Mbuga hii ilifunguliwa mwaka 1946, na ndiyo kongwe zaidi nchini. Ina eneo la kilomita 117 za mraba, na humo wamo simba, twiga, nyati, pundamilia na vifaru weusi. Humo ndimo Rais Daniel arap Moi alimoteketeza tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, kuuonya ulimwengu juu ya ujangili.

Ukitaka kuona mengi, rauka. Alfajiri huenda ukamkuta simba akitoka mawindoni. Jua likipanda, hujilaza kichakani asionekane. Usiendeshe gari kwa kasi, usipige honi, wala usishuke ila mahali paliporuhusiwa. Watoto wasiwarushie nyani chakula, kwani nyani akizoea mkate wa wageni, kesho ataunyakua kwa nguvu. Tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa zimepigwa marufuku mbugani, basi beba maji kwa chombo cha kudumu.

Ukiwa humo, tazama upande wa kusini. Pande nyingine tatu zina ua, lakini huko ng'ambo ya mto Mbagathi ni wazi, tena kwa makusudi. Tangu zamani, mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia huvuka kwenda nyanda za Kitengela na Kaputiei kula majani mafupi na kuzaa. Kiangazi kikianza, hurudi mbugani kufuata maji. Lakini huko nje ploti zimekatwa, nyumba zimejengwa na nyua zimeziba njia. Nyumbu waliokuwa wakihesabiwa kwa maelfu wamepungua mno.

Tusimlaumu Mmaasai mwenye ardhi. Simba akivuka na kumuua ng'ombe wake, hasara ni yake. Mtalii akilipa langoni, faida inakwenda kwingine. Mkono mtupu haulambwi. Ndiyo sababu mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela ili wasiiwekee ua wala kuiuza. Mpango huo ulisaidia, lakini malipo yake yalikuwa madogo mno mbele ya bei ya ploti.

Na wanaonunua ploti hizo ni akina nani, kama si mimi na wewe tunaotafuta pa kujenga karibu na jiji?

Basi Jumapili moja wapeleke watoto mbugani. Wakikuuliza nyumbu wamekwenda wapi, usiwaambie kwamba wameliwa na simba. Waambie ukweli: tumewafungia njia. Na kabla ya kununua ploti, uliza kwanza ni nani aliyekuwa akipita hapo.